Zege la maghala na yadi: namna sakafu ya biashara inavyojengwa ili idumu

Mzigo unaoshushwa katika bandari ya Dar es Salaam au Mombasa na kuelekea Bujumbura, Kigali, Kampala au Goma hupita juu ya zege mara nyingi kabla ya kumfikia mwenyewe. Hulala katika yadi ya makontena, husimama kwenye kituo cha forodha, huteremshwa mlangoni mwa ghala, na mwishowe hupangwa katika duka la jumla. Sakafu hizo zikiwa nzima, hakuna anayezitaja. Zikipasuka au kudidimia, malori hukwama, foklifti huharibika, magunia hunyonya unyevu, na gharama yake huingia katika bei anayolipa mnunuzi wa mwisho.

Katika nchi jirani ujenzi wa aina hii umeongezeka. Tanzania ilizindua rasmi Bandari Kavu ya Kwala, mkoani Pwani, mwezi Julai 2025, ili kupunguza msongamano wa mizigo bandarini Dar es Salaam, ikiwemo ile ya nchi zisizo na bahari. Jijini Dar es Salaam kwenyewe, njia maalumu za mabasi yaendayo haraka, zilizoanza kutumika mwaka 2016, zilijengwa kwa zege. Nje ya miradi hiyo mikubwa, wafanyabiashara wa kawaida nao wanajenga maghala, vituo vya mafuta, masoko na maegesho kwa fedha zao wenyewe au kwa mikopo ya benki. Makala haya yanaeleza, hatua kwa hatua, kinachoifanya sakafu ya aina hiyo idumu miaka thelathini badala ya mitatu.

Jamvi si sakafu ya ghorofa

Zege linalozungumzwa hapa ni lile linalolala moja kwa moja juu ya ardhi, ambalo mafundi wengi wa Tanzania huliita jamvi. Hutofautiana na zege la ghorofa, ambalo hubebwa na nguzo na mihimili na uzito wake wote hutegemea nondo. Jamvi hubebwa na ardhi iliyo chini yake. Kwa hiyo swali la kwanza la mhandisi huhusu udongo na uzito utakaowekwa juu, na hesabu ya nondo hufuata baadaye.

Zege lina tabia moja ambayo kila mwenye kujenga anapaswa kuikumbuka: lina nguvu nyingi linapobanwa, lakini nguvu yake ya kuvutwa ni takriban sehemu moja tu ya kumi ya ile ya kubanwa. Gurudumu zito linapopita, jamvi hujipinda kidogo na upande wake wa chini huvutwa. Ardhi ikiwa imeshindiliwa sawasawa, mpindo huo ni mdogo na hauleti madhara. Mahali palipo na shimo au udongo laini, jamvi hubaki likining'inia bila mhimili, na ufa huanzia hapo.

Uzito hauhesabiwi kwa jumla tu

Wengi hudhani kwamba ghala lililojaa magunia ndilo mtihani mkubwa wa sakafu. Kwa kweli uzito ulioenea si hatari kama uzito uliokusanyika mahali padogo. Kontena la futi 20 lililojaa linaweza kufikia kilo 30,480. Uzito huo haukai juu ya sakafu yote ya kontena, bali juu ya vyuma vinne vya pembeni, kila kimoja kikiwa na upana wa sentimita 18 kwa 16 hivi. Kila pembe hubeba zaidi ya tani 7. Makontena matatu yakipandanishwa, kila pembe ya lile la chini hukandamiza zege kwa karibu tani 23, katika eneo lisilozidi ukubwa wa kiganja kilichokunjuliwa.

Foklifti nayo ina hesabu yake. Inapoinua mzigo, sehemu kubwa ya uzito wa mashine na mzigo huhamia kwenye magurudumu mawili ya mbele, ambayo mara nyingi ni madogo na magumu. Magurudumu hayo ndiyo yanayovunja kingo za maungio ya sakafu.

Kuhusu malori, sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima, na tani 10 kwa ekseli moja yenye magurudumu manne. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanywa jimboni Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960, yalionyesha kwamba madhara ya ekseli huongezeka takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wake. Maana yake ni kwamba ekseli ya tani 12 huleta madhara yapatayo mara mbili ya ile ya tani 10, ingawa uzito umeongezeka kwa sehemu moja tu ya tano. Mwenye yadi anayepokea malori yaliyozidisha uzito analipia tofauti hiyo kwa sakafu yake.

Unene, na hasara ya kupunjwa

Kwa desturi ya ujenzi, njia ya waendao kwa miguu huhitaji zege la milimita 100. Duka na maegesho ya magari madogo huhitaji milimita 125 hadi 150. Ghala lenye foklifti na yadi ya malori huanzia milimita 175 au 200, na yadi ya makontena huzidi hapo. Vipimo hivi ni vya kuanzia mazungumzo. Kipimo cha mwisho hutolewa na mhandisi aliyepima udongo wa mahali husika.

Hapa ndipo penye kishawishi kikubwa. Tuchukue yadi ya mita 20 kwa 30 iliyopangiwa unene wa milimita 200. Itahitaji mita za ujazo 120 za zege. Kwa kiasi cha mifuko 7 ya saruji ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo, hiyo ni mifuko 840. Mkandarasi akimwaga milimita 175 badala ya 200, anaokoa mita za ujazo 15, yaani mifuko 105, pamoja na mchanga na kokoto zake. Akishasawazisha juu, hakuna jicho linaloweza kuona upungufu huo. Lakini uwezo wa jamvi kuhimili mpindo hufuata mraba wa unene wake. Kupunguza unene kwa asilimia 12 na nusu huondoa karibu robo ya nguvu hiyo.

Dawa yake ni kupima kabla zege halijamwagwa. Uzi hufungwa kutoka ubao wa pembeni hadi ubao wa pili, na kipimo hushushwa chini yake mahali pengi, katikati pamoja na kandoni.

Ardhi kabla ya saruji

Udongo wa juu wenye mizizi na mboji huondolewa wote. Udongo mweusi wa mbuga, unaopatikana katika sehemu nyingi za Kenya na Tanzania, huvimba wakati wa masika na kusinyaa wakati wa kiangazi. Jamvi lililowekwa juu yake huinuliwa na kushushwa kila mwaka hadi linapasuka. Mara nyingi huondolewa na kubadilishwa kwa moramu, au hutibiwa kwa chokaa kwa ushauri wa maabara.

Baada ya hapo hujazwa moramu au mawe yaliyosagwa, kwa tabaka zisizozidi milimita 150, na kila tabaka hushindiliwa likiwa na unyevu wa kadiri. Kipimo kinachotakiwa kwa kawaida ni asilimia 95 ya msongamano wa juu uliopatikana maabara. Kumwaga kifusi chote kwa mara moja na kupitisha mashine juu yake ni kujidanganya: tabaka la juu hukaza, na la chini hubaki laini.

Usawa wa ujenzi nao una uzito wake. Katika miaka ya 2021 na 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda na kufurika sehemu za ufukwe wa Bujumbura, na wenye majengo karibu na ziwa walipata hasara. Sakafu ya ghala inapaswa kuinuliwa juu ya ardhi inayoizunguka. Zege la nje nalo huwekewa mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, ukielekea mbali na jengo, kwenye mfereji. Maji yakituama kando ya jamvi, hulainisha ardhi iliyo chini, na kazi yote ya kushindilia huharibika.

Unyevu unaopanda kutoka chini

Zege likiwa jipya au la zamani hupitisha unyevu. Kwa hiyo chini ya sakafu ya ghala lenye paa hutandazwa karatasi nzito ya nailoni, yenye unene usiopungua robo ya milimita, na vipande vyake hupandanishwa na kugandishwa kwa utepe. Kabla ya kuitandaza, mawe yenye ncha hufunikwa kwa mchanga mwembamba ili yasiitoboe. Wanaopitisha matoroli juu yake bila mbao huitoboa bila kujua.

Kwa wanaohifadhi nafaka, jambo hili linagusa uhai. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 kati yao walifariki dunia kutokana na sumukuvu katika mahindi. Uchunguzi ulihusisha maafa hayo na mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, mengi yakiwa majumbani. Sakafu si chanzo pekee cha unyevu, na sakafu nzuri haiwezi kuyakausha mahindi yaliyovunwa mabichi. Hata hivyo, ghala lenye jamvi linalopitisha maji huyarudishia unyevu mahindi yaliyokwisha kukaushwa kwa taabu. Ndiyo maana magunia hupangwa juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta, hata pale sakafu inapoonekana kavu.

Mchanganyiko

Saruji inayouzwa katika ukanda wetu huandikwa 32.5 au 42.5 kwenye mfuko. Namba hiyo huonyesha nguvu ya chini ambayo saruji inapaswa kuifikia baada ya siku 28 katika jaribio la maabara, kwa newton kwa kila milimita mraba. Kwa sakafu za biashara wahandisi wengi huchagua 42.5, na huagiza zege la daraja la 25 au 30. Saruji nyingi za eneo la Maziwa Makuu na Bonde la Ufa huchanganywa na majivu asilia ya volkano. Saruji hizo ni nzuri na hudumu, lakini huchelewa kupata nguvu, na kwa hiyo huhitaji kumwagiliwa kwa siku nyingi zaidi.

Mchanga uwe msafi. Fundi mzoefu huusugua kiganjani: ukiacha tope, una udongo ndani yake. Mchanga wa ufukweni mwa bahari una chumvi inayokula nondo, na haufai kabla ya kuoshwa na kupimwa.

Adui mkubwa wa zege ni maji yaliyozidi. Kwa mfuko mmoja wa kilo 50, maji yote, pamoja na yale yaliyomo katika mchanga, yasizidi lita 25 kwa sakafu inayotarajiwa kubeba malori. Vibarua huongeza ndoo ya maji ili zege liteleze na kazi iwe nyepesi. Maji hayo ya ziada hukauka baadaye na kuacha vitundu, na zege hupoteza nguvu, husinyaa zaidi na hutoa vumbi. Zege likiwa gumu kumwaga, suluhisho ni dawa maalumu ya kulainisha inayouzwa kwa wauzaji wa vifaa vya ujenzi, na maji yasiongezwe.

Jaribio rahisi ni la koni ya chuma yenye urefu wa milimita 300. Hujazwa zege, kisha huinuliwa taratibu, na hupimwa zege limeshuka kiasi gani. Kwa sakafu nyingi zinazomwagwa kwa mikono, mshuko wa milimita 75 hadi 100 unatosha. Zege likibomoka na kutawanyika kama uji, gari hurudishwa. Zege linaloletwa kwa gari linapaswa kumwagwa ndani ya dakika 90 tangu saruji ilipokutana na maji, na mapema zaidi katika joto kali.

Siku ya kumwaga

Wavu wa nondo katika jamvi la kawaida hauzuii ufa usitokee. Kazi yake ni kuubana ufa usipanuke. Kwa sababu hiyo mahali pake ni sehemu ya juu ya jamvi, theluthi moja kutoka juu, ukikalia vigingi vidogo vya zege. Desturi ya kuulaza chini na kuuvuta kwa ndoana wakati wa kumwaga huuacha umezama ardhini, na fedha iliyotumika kuununua hupotea.

Katika sehemu zenye joto, kama Dar es Salaam, Mombasa au bonde la Rusizi, ni vyema kumwaga alfajiri au jioni. Ardhi na mbao hulowanishwa kwanza bila kuacha madimbwi. Zege husambazwa kwa beleshi, hutetemeshwa kwa mashine ili hewa itoke, kisha husawazishwa kwa ubao mrefu.

Baada ya kusawazisha, maji hupanda juu na uso wa zege hung'aa. Huu ndio wakati wa kusubiri. Fundi asipake mwiko mpaka mng'aro uishe na unyayo wake uache alama hafifu tu. Wako wanaonyunyiza saruji kavu ili kunywa maji hayo na kupata niru ya haraka. Matokeo yake ni ngozi nyembamba inayobanduka chini ya magurudumu kabla ya mwaka kuisha. Katika ghala uso huling'arishwa kwa mashine ya mwiko. Nje hupigwa ufagio mgumu ili matairi na miguu visiteleze wakati wa mvua.

Maungio: kuuchagulia ufa mahali pake

Zege linapokauka husinyaa kwa kadiri ya nusu milimita kwa kila mita. Jamvi la mita 30 linaweza kufupika kwa milimita 15. Kwa kuwa ardhi huling'ang'ania, jamvi hilo litapasuka. Mhandisi huamua litapasukia wapi.

Kwa ajili hiyo hukatwa mistari kwa msumeno, kila baada ya mita 4 hadi 5, kwa kina cha robo ya unene. Jamvi la milimita 200 hukatwa milimita 50. Vipande vinavyopatikana vikaribie umbo la mraba, kwani vilivyo virefu hupasuka katikati. Muda ni jambo la msingi: mara nyingi ni kati ya saa 6 na 18 baada ya kumaliza, mara tu zege linapoweza kukatwa bila kokoto kung'oka. Anayengoja hadi wiki ijayo hukuta ufa umekwisha kujichagulia njia. Msumeno utumike pamoja na maji, kwa sababu vumbi la zege huharibu mapafu.

Mahali kazi ya leo inapokutana na ya kesho, huwekwa nondo laini zisizo na mikunjo, nusu yake ikipakwa grisi. Nondo hizo huruhusu vipande viwili kusogea kwa urefu, lakini huvizuia kupandana. Kuzunguka nguzo na kandokando ya kuta huwekwa ubao laini wa povu, ili jamvi lisinase kwenye jengo. Baadaye maungio hujazwa lami au mpira maalumu ili maji na mawe madogo yasiingie.

Siku saba za maji

Saruji haigumu kwa kukauka. Hugumu kwa kuungana na maji. Zege lililoachwa juani siku ya kwanza hupoteza sehemu ya nguvu ambayo halitaipata tena kikamilifu. Kwa muda usiopungua siku 7, na siku 10 au zaidi kwa saruji yenye majivu ya volkano, uso hufunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa, kwa nailoni au kwa mchanga mbichi, usiku na mchana. Kumwagilia asubuhi na kuacha pakauke hadi jioni hakutoshi.

Magari mazito yangoje siku 28, isipokuwa vipimo vimeonyesha kwamba nguvu inayotakiwa imefikiwa mapema. Mwenye biashara anayefungua yadi wiki ya pili kwa sababu kodi ya pango inahesabiwa, huanza kuivunja sakafu kabla haijakomaa.

Wafanyakazi nao walindwe. Zege bichi huunguza ngozi polepole, bila maumivu ya mwanzo. Anayepiga magoti ndani yake bila buti wala glavu anaweza kugundua kidonda usiku, akiwa nyumbani.

Kabla ya kutia saini

Kazi ikiendelea, vipande vya zege vya milimita 150 kila upande hutengenezwa kutoka gari au mchanganyiko uleule, na huvunjwa maabara baada ya siku 7 na siku 28. Ripoti hiyo ndiyo ushahidi wa mwenye jengo. Mkataba mzuri hutaja mambo yafuatayo kwa maandishi:

- unene na daraja la zege, na nani atapima kabla ya kumwaga;
- matokeo ya kushindilia udongo, tabaka kwa tabaka;
- mchoro wa maungio, pamoja na saa ya kuyakata;
- siku za kumwagilia na jina la mwenye wajibu huo;
- kiasi cha malipo kitakachozuiwa hadi majibu ya siku 28 yatoke.

Inafaa pia kuhakikisha kwamba mkandarasi na mhandisi wamesajiliwa na bodi za nchi husika, na kwamba saruji ina alama ya shirika la viwango la taifa.

Kwa mfanyabiashara anayekodi ghala lililokwisha kujengwa, ukaguzi huanza chini kabla ya kutazama paa. Ufa mwembamba usiopita unene wa kucha, ulio ndani ya mstari uliokatwa, ni wa kawaida. Ufa ambao upande mmoja umeinuka kuliko mwingine huonyesha kwamba ardhi imeshuka. Kipande cha nailoni cha mita moja kikibandikwa sakafuni kwa utepe jioni na kukutwa na jasho upande wa chini kesho yake, basi unyevu unapanda, na ghala hilo halifai kwa mahindi, mchele wala saruji mpaka lifanyiwe matengenezo.